Kupima Maoni ya Wapiga Kura wa Kilatino Marekani: Kutoka Sampuli Hadi Jedwali la Mwisho

Baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2024, swali moja lilipata majibu matatu: ni asilimia ngapi ya Walatino, yaani Wamarekani wenye asili hasa ya nchi za Amerika ya Kilatini, waliomchagua Donald Trump? Utafiti wa kampuni ya Edison, unaowahoji watu wanapotoka kituoni, ulisema 46. VoteCast, utafiti wa shirika la habari la AP, ilisema takriban 43. Kituo cha utafiti cha Pew Research Center, kilichongoja madaftari ya wapiga kura yasasishwe ili kihakikishe kwamba waliohojiwa walipiga kura kweli, kikatoa 48. Hakuna mwanagenzi kati ya hao. Kinachowatenganisha kwa sehemu kubwa ni nani aliyeingia kwenye sampuli, alihojiwa kwa lugha gani, na alifikiwa kwa njia ipi. Mambo hayo huamua matokeo kabla swali la kwanza halijaulizwa, ndiyo maana mwongozo huu unayapa nafasi kubwa kuliko hesabu zinazofuata baadaye.

Wanaopimwa ni wengi. Pew ilikadiria Walatino wenye sifa za kupiga kura mwaka 2024 kuwa milioni 36.2, kutoka milioni 32.3 mwaka 2020. California pekee ina takriban milioni 8.5 na Texas milioni 6.5. Hata hivyo, tafiti nyingi za kitaifa huwasemea wote hao kwa kuhoji watu mia moja na ushei.

Amua kwanza Mlatino ni nani

Kanuni ya kazi hii ni kwamba Mlatino ni yule anayesema mwenyewe kuwa ni Mlatino. Jina, lafudhi au mtaa anakoishi ni dalili za kukuongoza kumtafuta, wala si uthibitisho. Bill Richardson, aliyekuwa gavana wa New Mexico, alikuwa na mama wa Kimeksiko na jina la ukoo la Kiingereza. Upande wa pili, Wafilipino wengi wana majina ya Kihispania tangu amri ya kikoloni ya 1849, na huko California na Nevada wataingia kwenye orodha yako kwa mamia usipoweka swali la kuchuja.

Swali hilo la kuchuja litaje maneno yote mawili: "Hispanic" na "Latino" kwa Kiingereza, "hispano o latino" kwa Kihispania, pamoja na mifano ya nchi. Pew iligundua mwaka 2024 kwamba karibu nusu ya watu wazima wa jamii hii hupendelea "Hispanic", na chini ya theluthi hupendelea "Latino". Neno "Latinx" linatumiwa na asilimia 4 tu. Ukilifanya neno la kwanza msikilizaji analolisikia, bibi wa miaka 70 huko Laredo, mji wa mpakani Texas, atajua kwamba simu hii haikuandaliwa kwa ajili yake, naye atakata.

Amua mapema, na kwa maandishi, utawafanyaje Wabrazili na watu wenye asili ya Hispania. Tafsiri rasmi ya serikali haiwahesabu Wabrazili kuwa Hispanic, lakini baadhi yao hujitaja hivyo. Uamuzi wowote unavumilika, mradi uufuate tangu kwenye dodoso hadi kwenye uzito, yaani marekebisho yanayofanya waliohojiwa wafanane na jamii halisi.

Kuna mtego mwingine hapa. Kwa miongo kadhaa fomu za serikali zilikuwa na maswali mawili: moja la asili ya Kihispania, jingine la rangi. Katika sensa ya 2020 takriban asilimia 42 ya Walatino walichagua "rangi nyingine", kwa sababu visanduku vilivyokuwepo havikuwafaa. Machi 2024 ofisi ya bajeti ya Ikulu ilibadilisha kanuni na kuyaunganisha maswali hayo mawili kuwa moja. Dodoso lako likitumia mtindo mpya huku takwimu za kulinganishia zilikusanywa kwa mtindo wa zamani, kundi unaloliita "Walatino" pande zote mbili halitakuwa kundi moja. Uliza kwa mtindo ule ule wa takwimu utakazozitumia kuweka uzito.

Baada ya hapo uliza nchi ya asili, mahali alipozaliwa mhojiwa, na mahali walipozaliwa wazazi wake. Usiyaone maswali hayo kuwa ya pembeni. Wenye asili ya Meksiko ni karibu asilimia 60 ya Walatino wote, kwa hiyo wastani wa kitaifa ni sauti yao kwanza. Wakuba wa Florida wana historia yao na chama cha Republican, na hata miongoni mwao aliyefika kabla ya Mariel, msafara mkubwa wa mashua kutoka Kuba wa 1980, na aliyefika baada ya 1994 hawafanani. Watu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917. Wakiwa kisiwani hawampigii kura rais. Wakihamia Orlando au Philadelphia wanaweza kujiandikisha mara moja. Vyama walivyokulia navyo kisiwani, PNP na PPD, hugawanyika juu ya hadhi ya kisiwa chenyewe, kwa hiyo jibu la "sina chama" kutoka kwa mtu aliyehamia juzi lina maana tofauti na jibu hilo hilo kutoka kwa kijana wa Phoenix. Na huko New Mexico kuna familia zilizokuwepo kabla ya mkataba wa 1848 ulioihamishia Marekani ardhi hiyo. Ukimjazia mtu wa huko maswali kumi ya uhamiaji, unamuuliza habari za watu wengine.

Sampuli: hapa ndipo kazi inapoharibika

Utafiti wa watu 1,000 nchi nzima utakupa Walatino 120 hivi. Kiwango cha makosa kwa watu 120 ni pointi 9 juu na 9 chini, hata kabla ya kuhesabu athari za uzito. Ukiongeza athari hizo, ambazo kwa kawaida hupunguza nguvu ya sampuli kwa theluthi moja, unafika pointi 11. Mgombea aliyepata 43 anaweza kuwa na 32 au 54. Pengo kati ya wagombea wawili lina makosa karibu mara mbili ya hayo. Kijisehemu cha namna hiyo hakifai kichwa cha habari, hata kama jedwali limekipa safu yake nzuri.

Ukitaka kusema jambo la kitaifa, panga Walatino walioandikishwa 1,000 au zaidi. Athari ya uzito ikiwa 1.6, watu hao 1,000 wana nguvu ya watu 625 (1,000 gawanya kwa 1.6), na kiwango cha makosa ni takriban pointi 4. Kwa kila kundi dogo unalokusudia kulizungumzia, kama vile Wakuba wa Florida au vijana chini ya miaka 30, tafuta watu 250 hadi 300, ukijua kwamba bado utakuwa na makosa ya pointi 7 au 8. Makundi hayo yaongezewe idadi kwa makusudi tangu kwenye mpango wa sampuli, kisha yarudishwe kwenye uwiano wao halisi wakati wa kuweka uzito. Ukingoja yajitokeze yenyewe, utapata Wakuba 40.

Chanzo kizuri kwa utafiti wa uchaguzi ni daftari la wapiga kura. Kampuni kama L2, Catalist na TargetSmart huunganisha madaftari ya majimbo, huongeza namba za simu, na huonyesha ni uchaguzi upi kila mtu alishiriki. Haziwezi kukuambia alimpigia nani. Hiyo ni siri ya kura. Majimbo machache ya Kusini, kama Florida, Georgia na North Carolina, huuliza rangi na asili wakati wa kujiandikisha, na huko unaweza kuanza na jibu la mtu mwenyewe. Kwingineko utategemea makadirio. Njia iliyozoeleka huchukua jina la ukoo, hulilinganisha na orodha ya majina ya ofisi ya sensa, kisha huongeza muundo wa mtaa anakoishi mtu na kutoa uwezekano. Kati ya watu wenye majina kama Garcia, Rodriguez au Hernandez, zaidi ya asilimia 90 hujitaja kuwa Hispanic.

Kosa kubwa linalorudiwa ni kuchukua wale wenye majina ya uhakika tu na kuwaacha wengine. Ni rahisi, na simu nyingi zinaleta matunda. Lakini mwanamke wa Kilatino aliyeolewa na asiye Mlatino na kuchukua jina lake hayumo kwenye orodha hiyo. Hayumo pia mtoto wa ndoa hiyo, wala Mlatino anayeishi kwenye kitongoji chenye Wazungu wengi. Watu hao kwa wastani hutumia Kiingereza zaidi, wako kizazi cha pili au cha tatu, na siasa zao haziko mahali pamoja na za wale wa mitaa yenye Walatino watupu. Ukiwaacha nje, umeegemeza jibu lako kabla ya kupiga simu hata moja.

Gawa orodha kwenye matabaka matatu. La kwanza ni wenye uwezekano mkubwa, tuseme asilimia 80 na kuendelea. La pili ni wa kati. La tatu ni wenye uwezekano mdogo, ambamo Walatino ni wachache lakini wapo. Chukua watu kutoka matabaka yote kwa viwango tofauti: wengi kutoka la kwanza, kiasi kutoka la pili, wachache kutoka la tatu. Waulize wote swali la kuchuja, kisha mpe kila mhojiwa uzito unaolingana na kinyume cha nafasi aliyokuwa nayo ya kuchaguliwa: aliyekuwa na nafasi ndogo apewe uzito mkubwa. Tabaka la tatu ni ghali, kwa sababu utapiga simu nyingi kumpata mmoja, na bajeti ikibana ndilo linalokatwa kwanza. Usilikate lote. Afadhali upunguze maswali matatu kwenye dodoso.

Panga kiasi cha majina kwa uhalisia. Simu kutoka kwenye daftari huzaa mahojiano kwa asilimia 1 au 2 tu ya majina. Mahojiano 800 yanahitaji majina 40,000 hadi 80,000 yenye namba. Na namba zenyewe zinapungua: vijana, wapangaji na wanaohamahama ndio ambao daftari halina namba zao au lina za zamani, na Walatino wengi wako katika makundi hayo. Linganisha umri na makazi ya wenye namba na ya daftari zima kabla hujaanza. Pengo likiwa kubwa, ongeza barua yenye kiungo cha dodoso na zawadi ndogo ya fedha kwa wale wasio na namba.

Tahadhari na paneli za kujiunga mwenyewe mtandaoni

Paneli hizi, yaani makundi ya watu waliojiandikisha wenyewe kujibu tafiti kwa malipo, ni rahisi na za haraka, na kwa Walatino ni za hatari hasa. Mwaka 2022 Pew iliwauliza washiriki wa paneli ya namna hii kama wana leseni ya kuendesha nyambizi ya nyuklia. Miongoni mwa waliojitaja kuwa Hispanic, asilimia 24 walisema ndiyo. Hao si manahodha. Ni watu wanaojibu ovyo ili walipwe, ambao hukubali kila kitu wanachoulizwa, na kukubali kuwa Hispanic ni sehemu ya kukubali huko. Kwa hiyo Walatino wa bandia hurundikana kwenye kundi dogo na kulichafua.

Ukilazimika kutumia paneli, linganisha kila mshiriki na daftari la wapiga kura kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Weka swali moja lisilowezekana kama lile la nyambizi, kisha ondoa wanaokubali. Ondoa pia waliomaliza kwa chini ya theluthi ya muda anaotumia mshiriki wa kati. Kwa waliochagua Kihispania, weka swali moja la kuandika jibu kwa maneno na usome majibu yote kwa macho yako. Paneli zilizoundwa kwa kuchagua anwani kwa nasibu hazina tatizo hili kwa kiwango hicho.

Kihispania si tafsiri ya mwisho wa wiki

Mwaka 2010 kura za maoni za mwisho huko Nevada zilimweka Sharron Angle, mgombea wa Republican, mbele ya seneta Harry Reid wa Democratic. Reid alishinda kwa karibu pointi 6. Mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kwamba wapiga kura wa Kilatino, hasa wanaozungumza Kihispania, hawakuingia vya kutosha kwenye sampuli. Takriban robo ya Walatino wenye sifa ya kupiga kura walipata uraia kwa tajnisi. Wengi wao wanajua Kiingereza cha kazini na dukani. Kuzungumzia kodi na mahakama na mgeni kwenye simu ni jambo jingine.

Andika dodoso la lugha zote mbili kwa wakati mmoja. Watafsiri wawili wa nchi tofauti, kwa mfano mmoja wa Meksiko na mmoja wa Karibi, kila mmoja atafsiri peke yake. Wakae na mtu wa tatu anayejua utafiti, walinganishe sentensi kwa sentensi, waandike sababu ya kila uamuzi, kisha mjaribu dodoso kwa watu 10 hadi 15 wanaozungumza Kihispania tu. Kutafsiri kwenda na kurudi pekee hakutoshi, kwa kuwa tafsiri ya neno kwa neno hurudi vizuri hata kama mwananchi wa kawaida haielewi.

Mitego ya maneno inajulikana. "Billion" ya Kiingereza ni "mil millones". Ukiandika "billón" umesema mara elfu zaidi. "Colegio" ni shule, si chuo kikuu, na kosa hilo moja huvuruga swali la elimu ambalo utalitegemea kwenye uzito. "Seguro Social" kwa aliyekulia Meksiko humkumbusha taasisi ya matibabu, wakati kwa mkazi wa siku nyingi wa Marekani ni pensheni ya serikali. "Liberal" katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini humaanisha mtetezi wa soko huria. Kwa hilo la mwisho, usitegemee kipimo cha "liberal" hadi "conservador" peke yake. Uliza misimamo juu ya mambo mahususi. Tumia "usted", yaani "wewe" ya heshima, kwa kila mtu. Kijana hatakasirika, mzee anaweza kukasirika ukimwita "tú".

Maandishi ya Kihispania huwa marefu kuliko ya Kiingereza, mara nyingi kwa moja ya tano hivi. Dodoso la dakika 15 litakuwa la dakika 18, na ni katika dakika hizo tatu ndipo watu hukata simu. Pima urefu kwa toleo la Kihispania, kisha punguza.

Jambo jingine limethibitishwa mara nyingi: wanaohojiwa kwa Kihispania huelekea zaidi kukubaliana na kauli wanayosomewa, na kuchagua ncha za kipimo. Ukiuliza "Je, unakubali kwamba…", utapata ndiyo nyingi ambazo ni adabu kuliko msimamo. Wape kauli mbili zinazopingana, wachague iliyo karibu na wanavyofikiri, na ugeuzegeuze mpangilio wake.

Wasaili wawe wa lugha mbili, wanaoweza kubadili lugha katikati ya sentensi. Utaratibu wa "mwenzangu anayezungumza Kihispania atakupigia baadaye" hupoteza watu wengi, na wanaopotea ni wale wale uliokuwa unawatafuta. Kila jioni angalia idadi ya simu zilizoandikwa "kikwazo cha lugha". Kukiwa na msaili wa lugha mbili kwenye kila simu, idadi hiyo iwe karibu na sifuri. Ikipanda, kuna mtu anafunga simu haraka.

Maswali na mpangilio wake

Usifungue kwa kusema huu ni utafiti wa Walatino. Ukisema hivyo, unamkumbusha mtu kabila lake kabla hajakuambia atampigia nani. Sema ni utafiti kuhusu uchaguzi. Uliza uwezekano wa kupiga kura na chaguo lake la mgombea mapema, kabla ya hoja yoyote inayoweza kumsukuma. Swali la asili lazima litangulie ikiwa linachuja, lakini lichanganye na maswali mengine mafupi kama umri na kaunti.

Swali la jambo muhimu zaidi liwe la wazi, mtu ajibu kwa maneno yake mwenyewe, angalau kwa nusu ya sampuli. Gharama za maisha na kazi hutangulia mara kwa mara, na uhamiaji huja nyuma kuliko wengi wanavyotarajia. Ukifika kwenye uhamiaji, tenganisha mambo. Mtu anaweza kutaka ulinzi mkali mpakani na papo hapo kutaka walioletwa wakiwa watoto wapewe njia ya uraia. Swali moja la "unaunga mkono sera ya nani" humpotezea mtu huyo sauti yake yote.

Hadhi ya ukaazi usiiulize. Uliyemchukua kwenye daftari la wapiga kura amekwisha kujiandikisha, na katika familia ambamo baba ana uraia na shemeji hana karatasi, swali hilo hufunga mlango. Kama utafiti wako unahitaji kujua hofu hiyo, uliza kama ana wasiwasi kwamba yeye, ndugu au rafiki wa karibu anaweza kufukuzwa nchini. Liweke mwishoni.

Uliza dini kwa undani kuliko "Mkristo". Pew ilikuta mwaka 2022 kwamba asilimia 43 ya Walatino wazima ni Wakatoliki, asilimia 30 hawana dini wanayojitaja nayo, na asilimia 15 ni Waprotestanti wa kiinjili. Kundi hilo la mwisho huegemea Republican kuliko hao wengine wawili, na swali la juu juu litalificha.

Kazi ya simu

Piga jioni na mwisho wa wiki, kwa saa za mahali mtu anapoishi. Usiamini msimbo wa eneo wa namba ya mkononi: aliyehama Chicago kwenda Las Vegas bado ana namba ya Chicago. Fuata anwani ya daftari. Sheria ya shirikisho ya 1991 inabana matumizi ya mashine za kujipigia kwa simu za mkononi bila idhini, kwa hiyo mkononi piga kwa kubonyeza namba, na upate ushauri wa mwanasheria kabla ya kutuma ujumbe mfupi kwa wingi.

Changanya njia. Ujumbe mfupi wenye kiungo huwapata vijana na wanaotumia Kiingereza. Simu ya sauti huwapata wazee na wanaotumia Kihispania. Ukitumia mojawapo peke yake umechagua kizazi. Ujumbe uandikwe lugha zote mbili katika mistari ile ile, kila lugha na kiungo chake. Weka mgao wa chini kwa kila kundi la umri, jinsia na lugha, na uuchunguze kila siku. Marekebisho ya siku ya tatu yanawezekana. Ya siku ya mwisho huwa ni uzito mkubwa juu ya watu wachache.

Uzito

Takwimu za kulinganishia hutoka sehemu mbili. Utafiti wa jamii wa ofisi ya sensa unatoa raia wa umri wa kupiga kura kwa asili, elimu, mahali pa kuzaliwa na lugha ya nyumbani. Daftari lenyewe linatoa umri, jinsia, eneo, historia ya kupiga kura na, katika majimbo yenye utaratibu huo, chama. Weka uzito kwa umri pamoja na jinsia, elimu, nchi ya asili, kuzaliwa ndani au nje ya Marekani, eneo, na ushiriki wa chaguzi zilizopita. Fanya hivyo ndani ya Walatino wenyewe. Kuweka uzito wa elimu kwa taifa zima, kisha kutarajia Walatino wakae sawa, hakufanyi kazi: waliohitimu chuo hujibu zaidi, na ndani ya Walatino pengo hilo ni pana.

Kata uzito unaozidi mara tano ya wastani. Ikibidi ukate wengi, rudi kwenye sampuli, maana uzito hauwezi kumzaa mtu ambaye hukumhoji.

Kuhusu nani atapiga kura, usitumie kichujio kinachodai mtu awe alipiga kura mara mbili zilizopita. Karibu Walatino milioni 1.4 hupata sifa za kupiga kura kila mwaka, wengi wao kwa kutimiza miaka 18, na kichujio hicho huwafuta. Mpe kila mtu uwezekano kati ya 0 na 1 kutokana na historia yake, umri, na anavyosema mwenyewe. Usiamini kauli yake peke yake, kwa kuwa watu hudai kupiga kura kuliko wanavyopiga.

Kusoma matokeo ya vituo

Baada ya uchaguzi kila mtu hukimbilia kaunti. Starr, huko Texas mpakani, ina Walatino zaidi ya asilimia 95. Hillary Clinton aliishinda kwa pointi 60 mwaka 2016, Joe Biden kwa 5 mwaka 2020, na mwaka 2024 Trump akaichukua kwa takriban 16, mara ya kwanza kwa mgombea urais wa Republican tangu 1892. Huo ni ushahidi mzito kwamba kuna kitu kimesogea. Lakini Starr ni kaunti ya vijijini, na haikuambii lolote kuhusu Mlatino wa kitongoji cha Denver. Makadirio yanayotoka kwenye vituo vyenye Walatino wengi huwasema wanaoishi pamoja. Yaweke kando ya mahojiano, mistari miwili kwenye grafu moja. Ikienda upande mmoja, unaweza kusema kwa ujasiri. Ikiachana, chunguza kwanza nani alijitokeza kupiga kura kabla ya kudai watu wamebadili mawazo.

Tafiti za wanaotoka vituoni zina udhaifu wa aina hiyo hiyo. Vituo vyao huchaguliwa ili kuwakilisha jimbo, si Walatino wa jimbo. Mwaka 2004 utafiti wa kitaifa ulimpa George W. Bush asilimia 44 ya Walatino; takwimu za majimbo yote zilipojumlishwa ikaonekana ni karibu na 40.

Kutoa ripoti

Andika idadi ya Walatino waliohojiwa, tarehe, njia zilizotumika, asilimia ya mahojiano yaliyofanyika kwa Kihispania, chanzo cha majina, vigezo vya uzito, na kiwango cha makosa kilichojumuisha athari ya uzito. Weka dodoso zima kwa lugha zote mbili. Kundi lenye watu chini ya 100 lisipewe asilimia. Lielezwe kwa maneno au liunganishwe na tafiti nyingine tatu au nne za mwaka huo zilizofanywa kwa mtindo mmoja. Usilinganishe Walatino 110 wa Septemba na Walatino 130 wa Oktoba kisha ukaita tofauti hiyo mwelekeo.

Hifadhi namba za daftari za wahojiwa wako chini ya ulinzi mkali, mbali na majibu yao. Miezi michache baada ya uchaguzi majimbo husasisha madaftari. Rudi uwalinganishe: nani alisema atapiga kura na hakupiga, na je, walikuwa wa umri, lugha au asili fulani? Orodha ya watu hao ndiyo itakayorekebisha viwango vya matabaka utakapochora sampuli ya mzunguko ujao.